Dawa za mimea kwa maumivu ya viungo: Zinazosaidia na zinazoficha hatari

MAUMIVU ya viungo ni miongoni mwa matatizo yanayowapeleka watu wengi kwa wauza dawa za asili kabla hawajafika hospitalini. Katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, mizizi na magome yaliyotandazwa kando ya barabara, chupa za mafuta ya karafuu na vifurushi vya unga usio na jina huuzwa kwa maelezo yanayofanana: vinaondoa baridi yabisi, maumivu ya mgongo na ganzi ya miguu.

Baadhi ya maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Ipo mimea ambayo imejaribiwa kwa wagonjwa chini ya uangalizi wa madaktari na kuonekana kupunguza maumivu, mingine kwa kiwango kinachokaribia cha vidonge vya dukani. Tatizo ni kwamba baridi yabisi si ugonjwa mmoja. Mmea unaompa nafuu mzee mwenye goti lililochakaa unaweza kumpotezea muda wa thamani mwanamke kijana ambaye viungo vya vidole vyake vinashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe.

Jina moja, magonjwa mengi

Jina lenyewe lina historia. Baridi na yabisi ni maneno ya utabibu wa kale wa Kiyunani, ulioendelezwa na Waarabu na kufika pwani ya Afrika Mashariki. Utabibu huo uliupima mwili kwa hali nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kile kilichokauka na kukakamaa. Kiungo kilichokaza kilihesabiwa kuwa kimeingiwa na baridi na ukavu, hivyo dawa yake ikatafutwa katika vitu vyenye asili ya moto kama tangawizi, pilipili manga, karafuu na mafuta ya kuchua yaliyopashwa.

Nadharia hiyo haishikiliwi tena na wataalamu, ingawa wapo wengi ambao bado huamini kuwa ugonjwa huletwa na kuoga maji ya baridi au kulala sakafuni. Hata hivyo, orodha ya dawa zake imekuja kukutana na matokeo ya maabara katika mimea zaidi ya mmoja. Labda Kiswahili kililijua hilo mapema, kwani viungo vya mwili na viungo vya mchuzi vinaitwa kwa neno moja.

Kitabibu, magonjwa ya viungo yamegawanyika katika aina zaidi ya 100, lakini matatu ndiyo yanayopaswa kutofautishwa kabla ya kununua dawa yoyote.

La kwanza na lililoenea zaidi ni kuchakaa kwa gegedu, yaani ule mfupa laini unaozuia mifupa kusagana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na tatizo hilo, na goti ndilo linaloathirika kuliko viungo vingine. Maumivu yake huongezeka kwa kutembea na kupanda ngazi, na hupungua kwa mapumziko. Asubuhi kiungo hukaza, lakini kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kupita.

La pili ni lile ambalo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Madaktari huliita rumatoidi. Ukubwa wake ni mdogo kwa idadi, watu takriban milioni 18 kwa makadirio ya WHO ya mwaka huohuo, lakini ukali wake ni mkubwa, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Huanza mara nyingi katika viungo vidogo vya vidole na viganja, mikono yote miwili kwa pamoja, na mkazo wa asubuhi unaweza kudumu kwa saa nzima au zaidi. Usipotibiwa, hula mfupa, na mfupa ulioliwa haurudi.

La tatu ni jongo, ambalo hutokana na chembechembe za asidi ya uriki kujikusanya ndani ya kiungo. Huja ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda kuanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Nyama nyekundu na bia huchangia, ingawa kuna watu ambao figo zao hushindwa kuitoa asidi hiyo hata wakila kwa kiasi.

Hapo bado hayajatajwa maumivu yanayoletwa na virusi. Chikungunya, neno linalotoka katika lugha ya Kimakonde na kueleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu, iliingia katika vitabu vya tiba duniani baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika eneo la Newala, kusini mwa Tanzania ya leo. Kwa baadhi ya wagonjwa, maumivu ya viungo hubaki kwa miezi mingi baada ya homa kuisha.

Manjano na tangawizi

Mmea uliochunguzwa kuliko mingine katika kundi hili ni manjano, ambayo wengine huita binzari. Rangi yake hutokana na kemikali iitwayo kurkumini, ambayo huzuia baadhi ya vichocheo vinavyosababisha uvimbe.

Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 367 wenye magoti yaliyochakaa. Nusu yao walipewa vidonge vya kiini cha manjano, miligramu 1,500 kwa siku, na wengine wakapewa ibuprofen, miligramu 1,200 kwa siku. Baada ya wiki nne, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana, ila waliotumia manjano walilalamikia tumbo kwa kiasi kidogo zaidi.

Habari hiyo ni njema, lakini kuna hesabu ambayo wauzaji hawaitaji. Kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa unga wa manjano. Kijiko cha chai chenye gramu 3 za unga hubeba kiasi cha miligramu 90, na sehemu kubwa ya hizo hupita tumboni bila kuingia katika damu. Anayetia kijiko kimoja katika maziwa ya jioni anapata kinywaji kizuri, lakini hapati kipimo kilichojaribiwa Thailand.

Wapishi wa pwani walishapata sehemu ya ufumbuzi bila kujua. Utafiti uliofanywa nchini India na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini, kemikali iliyomo katika pilipili manga, iliongeza kwa takriban mara 20 kiasi cha kurkumini kinachoingia katika damu ya binadamu. Mafuta nayo husaidia, kwa kuwa kurkumini huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Mchuzi wenye manjano, pilipili manga na tui la nazi unakidhi masharti yote mawili.

Uwezo huohuo wa kuingia kwa wingi katika damu una upande wa pili. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 10 walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, baadhi vikiwa vimechanganywa na pilipili manga, na mmoja wao alifariki dunia. Idadi ni ndogo ikilinganishwa na mamilioni wanaotumia, na manjano ya kwenye chakula hayakuhusishwa. Hata hivyo, anayemeza vidonge hivyo na kuona mkojo mweusi, macho ya njano au uchovu usio wa kawaida anapaswa kuviacha mara moja na kupimwa ini.

Kuhusu unga wa sokoni, wachunguzi waliofanya kazi nchini Bangladesh walibaini mwaka 2019 kuwa baadhi ya wafanyabiashara waliyapaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Kununua manjano mabichi, kuyachemsha, kuyaanika na kuyasaga nyumbani huondoa wasiwasi huo, na kwa wakazi wa miji iliyo karibu na mashamba ya viungo ya Zanzibar, Tanga na Morogoro, si jambo gumu.

Tangawizi ina rekodi ya wastani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001 nchini Marekani, wagonjwa wa magoti walipewa kwa wiki sita kiini cha tangawizi kilichochanganywa na mmea wa jamii yake uitwao galanga. Asilimia 63 ya waliokitumia walipata nafuu ya maumivu wanaposimama, dhidi ya asilimia 50 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tofauti ipo, ila si kubwa. Inafaa kutazama pia hiyo asilimia 50, kwa sababu inaonyesha ni watu wangapi hupata nafuu kwa kuamini tu kuwa wametibiwa, au kwa sababu maumivu ya goti yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Shuhuda za barabarani hazina njia ya kulitenganisha hilo.

Pilipili na ubani

Pilipili kali ndiyo inayoeleweka vizuri zaidi kisayansi. Kemikali yake, kapsaisini, hugusa neva maalumu zinazopokea joto na maumivu. Mwanzoni huunguza, lakini ikipakwa kila siku kwa wiki moja hadi mbili, neva hizo hupungukiwa na uwezo wa kupeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo. Mwanasayansi wa Marekani, David Julius, aliitumia kapsaisini kugundua kipokezi cha joto kilichomo katika neva, na mwaka 2021 alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Dawa inayotumika ni krimu iliyopimwa, mara nyingi yenye asilimia 0.025 ya kapsaisini, ambayo hupakwa mara tatu hadi nne kwa siku. Mwongozo wa chama cha madaktari wa viungo cha Marekani wa mwaka 2019 uliikubali, kwa tahadhari, kwa magoti yaliyochakaa, lakini haukuipendekeza kwa viungo vya mikono. Sababu ni ya kawaida kabisa: mkono huenda machoni. Kuponda pilipili mbichi na kuifunga gotini si njia mbadala, kwani hakuna anayeweza kupima ukali wake, na ngozi inaweza kuungua hadi kutoa malengelenge.

Ubani, utomvu unaofukizwa majumbani na katika sherehe za pwani, nao umo katika orodha. Mapitio ya majaribio ya dawa za mimea yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2014 yaliuweka ubani wa India, Boswellia serrata, miongoni mwa dawa chache zenye ushahidi wa kuridhisha kwa viungo vilivyochakaa. Katika kipimo cha maumivu cha pointi 0 hadi 100, waliotumia miligramu 100 za kiini chake kwa siku 90 walikuwa pungufu kwa takriban pointi 17 kuliko wasiotumia. Ieleweke kuwa ubani unaouzwa Afrika Mashariki aghalabu hutoka Somalia na Oman, ni wa miti mingine ya jamii hiyo, na haujapimwa kwa kiwango hicho. Moshi wake haujathibitishwa kutibu viungo.

Mimea iliyogeuka dawa za hospitali

Wanaoziona dawa za mimea na dawa za hospitali kama maadui husahau kuwa nyingi zina ukoo mmoja. Mwaka 1763 kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliandika kuhusu gome la mti aina ya wilo alilolitumia kutuliza homa. Kemikali ya gome hilo ilifungua njia iliyofikia aspirini, ambayo Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer aliitengeneza mwaka 1897.

Kolchisini, dawa inayotolewa hospitalini kwa shambulio la jongo, hutoka katika ua la Ulaya ambalo matabibu wa kale walilitumia kwa ugonjwa huohuo. Kemikali hiyo imo pia katika mmea wa Gloriosa superba, unaoota porini na kupandwa bustanini Afrika Mashariki, wenye maua ya rangi nyekundu na njano yaliyopinda mithili ya ndimi za moto. Tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni ndogo mno, na viazi vya mmea huo vimeua watu. Haufai kuchemshwa nyumbani kwa namna yoyote.

Kusini mwa bara hili, katika jangwa la Kalahari, upo mmea ambao wazungu waliuita kucha za shetani kutokana na matunda yake yenye kulabu. Mizizi yake huchimbwa Namibia, Botswana na Afrika Kusini na kuuzwa kwa wingi Ulaya kwa maumivu ya mgongo na viungo. Wenye vidonda vya tumbo au mawe ya nyongo huambiwa wasiutumie.

China ina mmea ambao pengine ndio wenye nguvu kuliko yote iliyotajwa. Unaitwa Tripterygium wilfordii, na katika majaribio ya wagonjwa wa rumatoidi umeonyesha uwezo unaofanana na wa dawa za hospitali. Umeonyesha pia uwezo wa kuharibu uzazi wa wanaume na kuvuruga hedhi za wanawake, mbali na kudhuru ini na figo.

Kuhusu mlonge na mwarobaini, ambayo ndiyo miti inayotajwa zaidi mitaani, majibu ni mafupi. Majaribio mengi yamefanywa kwa panya na katika vyombo vya maabara. Kwa wagonjwa wa viungo, ushahidi ni haba. Mlonge ni mboga nzuri, lakini mwenye kisukari anayeutumia kwa wingi pamoja na vidonge vyake anapaswa kupima sukari mara kwa mara, kwani inaweza kushuka kupita kiasi.

Unga unaoponya kwa siku moja

Hatari kubwa haimo katika manjano wala tangawizi. Imo katika unga au vidonge vinavyoitwa vya asili lakini vimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaonya wananchi kuhusu vidonge vilivyouzwa kwa majina ya Artri King na Artri Ajo King, vilivyonadiwa kuwa ni virutubisho vya viungo. Vipimo vilikuta ndani yake diclofenac na deksamethasoni, ambazo hazikuandikwa popote kwenye chupa. Deksamethasoni ni dawa ya kundi la steroidi, yenye uwezo wa kuzima uvimbe kwa saa chache. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kushika kikombe huamka akitembea, na habari za muujiza huo huenea mtaa mzima.

Kinachofuata hakitangazwi. Uso huvimba na kuwa wa mviringo, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika na vidonda vya tumbo hutokea. Mwili nao huacha kutengeneza homoni yake ya asili inayofanana na dawa hiyo. Mtu akiacha ghafla baada ya kutumia kwa wiki kadhaa, anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu na hata kupoteza maisha. Kwa sababu hiyo, anayeshuku kuwa amekuwa akitumia unga wa namna hiyo hashauriwi kuutupa na kunyamaza. Anapaswa kuupeleka kwa daktari ukiwa katika kifungashio chake, ili apunguziwe dawa hatua kwa hatua.

Dalili ya kwanza ya kutilia shaka ni kasi yenyewe. Katika majaribio yaliyotajwa hapo juu, nafuu ya mimea ilipimwa kwa wiki, si kwa saa. Dawa ya mizizi inayoondoa maumivu ya miaka mitano kwa usiku mmoja ina jambo ambalo muuzaji hajalisema, au hata yeye halijui, kwa kuwa wengi hununua unga huo kwa jumla kutoka kwa watu wengine.

Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao. Utafiti wa mimea hufanywa, pamoja na kwingineko, katika Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambayo chimbuko lake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974. Mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili kabla ya kutoa fedha, na ukali wa muuzaji anapoulizwa ni jibu tosha.

Kwa anayeamua kutumia

Mwenye goti lililochakaa ndiye mwenye nafasi nzuri ya kufaidika na mimea. Anaweza kujaribu mmoja kwa wakati, kwa wiki nne hadi nane, akiandika kila wiki umbali anaoweza kutembea na jinsi anavyolala. Asipoona tofauti, hakuna sababu ya kuendelea kutumia fedha. Kupunguza uzito, kwa walio wanene, huleta faida ambayo ni nadra kupatikana katika chupa yoyote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulikadiria kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua.

Mwenye jongo anaweza kutuliza uvimbe kwa muda, lakini hakuna kati ya mimea iliyotajwa hapa iliyothibitishwa kuziondoa zile chembechembe za uriki. Kwa anayepata mashambulio ya mara kwa mara, kazi hiyo hufanywa na dawa kama allopurinol, inayomezwa kila siku kwa muda mrefu.

Mwenye rumatoidi ndiye anayepoteza zaidi. Miezi ya mwanzo ya ugonjwa ndiyo yenye nafasi bora ya kuokoa viungo kwa dawa kama methotrexate, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki. Mwanamke wa miaka 35 anayeanza kuvimba vidole, akazunguka kwa waganga watatu katika muda wa mwaka mmoja, huweza kufika kliniki vidole vikiwa vimeanza kupinda. Manjano katika chakula chake hayana ubaya, lakini aliyekwisha kuanza methotrexate asimeze mchanganyiko wa mizizi bila kumweleza daktari, kwa vile dawa hiyo nayo huhitaji ini lililo salama.

Kadhalika, vidonge vya manjano, tangawizi au vitunguu saumu kwa wingi havipatani na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, na ni vyema kuviacha wiki mbili kabla ya upasuaji. Wajawazito wabaki na kiasi cha kawaida cha kwenye chakula.

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, huku mgonjwa akiwa na homa, hakina dawa ya mitishamba wala ya kuchua. Huenda kina usaha ndani, na gegedu lake linaweza kuharibika katika muda wa siku chache. Mgonjwa huyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.